Aliyelala Hayuko Kazini

Nchi ninayotaka kuwasimulia msiitafute kwenye ramani. Mimi nimeitafuta, na mchora ramani mmoja akaniambia aliombwa asiichore kwanza, mpaka kamati ya mipaka imalize kugawana posho zake. Inaitwa Utulia. Ni nchi nzuri, yenye sheria nyingi na viongozi wanaozipenda sana, hasa zikiwa mpya. Kama kuna msomaji atakayeona inafanana na nchi anayoijua, namwomba radhi mapema. Huko kwenu mambo kama haya hayawezi kutokea.

Katika mji mkuu wa Utulia palikuwa na Makao ya Wazee Wastaafu, nyumba ndefu ya bati jekundu yenye wazee kumi na wawili na mlezi mmoja wa usiku. Mlezi huyo aliitwa Mwajabu Kitundu, mwanamke wa miaka arobaini na sita, mpole, asiyependa makuu. Kila siku saa mbili usiku aliingia, akawapa wazee dawa, akawafunika, akazima taa, kisha akajilaza kwenye godoro lake katikati ya safu mbili za vitanda. Saa kumi na mbili asubuhi aliondoka. Katikati hapo aliamka mara tatu, mara nne, mara sita, kutegemea baridi na kiasi cha maharage yaliyoliwa jioni. Kwa usiku mzima alilipwa dinga thelathini na tano, zilizoitwa posho ya kulala.

Ukutani, juu kabisa ya godoro lake, Serikali ilitundika bango: KILA MFANYAKAZI ATALIPWA SI CHINI YA DINGA ISHIRINI KWA KILA SAA ANAYOKUWA KAZINI. Bango hilo lilikuwa mahali pote pa kazi nchini, kwenye fremu ya rangi ya dhahabu, na wageni wa kimataifa walikuwa wakipelekwa kulitazama. Mwajabu alilala chini yake miaka kumi na moja bila kulifanyia hesabu. Alidhani ni la kutazamwa na wageni.

Mwaka huo mwenye nyumba alipandisha kodi. Mume wa Mwajabu, Shomvi, alikuwa fundi baiskeli katika mji ambao watu walikuwa wanahamia kwenye pikipiki. Mwajabu akaanza kuuza vitumbua asubuhi, akitoka Makao moja kwa moja mpaka kwenye jiko, na ikawa mchana halali na usiku halali vizuri. Siku moja akaunguza sinia zima kwa sababu alisinzia akiwa amesimama.

"Mama Kidawa," Shomvi akamwambia, akimpaka mafuta ya nazi kwenye kidole kilichoungua, "hivi pale Makao unaingia saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Unatoka?"

"Kumi na mbili."

Shomvi akahesabu kwa vidole, na vidole vikaisha vyote. "Saa kumi. Mara ishirini ni mia mbili. Wewe wanakupa thelathini na tano. Hizo nyingine anakula nani?"

Usiku ule Mwajabu alipojilaza aliliangalia bango kwa muda mrefu kuliko kawaida.

*

Msimamizi wa Makao, Bwana Nyemba, alimpokea kwa tabasamu la mtu anayejua kwamba jibu ni hapana.

"Dada Mwajabu," alisema, "wewe unalala. Serikali inakulipa ulale. Mimi hapa unaponiona, mwenye diploma mbili, nalala nyumbani kwangu kila siku na sijawahi kulipwa hata senti."

"Lakini naamka, bwana. Mzee Bakameru peke yake ananiamsha mara mbili."

"Na mimi naamka. Nina mtoto mchanga."

"Basi niruhusu nikalale nyumbani kwangu. Wakinihitaji wapige simu."

Bwana Nyemba akaacha kutabasamu. "Ukiondoka hapa kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, nitakuandikia barua ya kutoroka kazini."

"Kutoroka wapi, bwana?"

"Kazini."

"Kumbe niko kazini."

"Hujanielewa. Ukiondoka, umetoroka kazini. Ukibaki, umelala." Akaona Mwajabu bado amesimama, akaongeza kwa upole, "Mambo haya ni ya kitaalamu. Nenda Wizarani."

Mwajabu akaenda Wizarani. Wizara ya Kazi na Mapumziko ilikuwa jengo la ghorofa tisa. Katika ghorofa ya tisa, baada ya kungoja siku nne kwenye benchi, alipelekwa kwa Bwana Theofilo Mabruki, Mkurugenzi wa Idara ya Saa, Dakika na Marupurupu. Mkurugenzi alimsikiliza macho yamefumbwa. Alipoyafumbua alisema:

"Mama, umesema neno 'nalala' mara saba. Katibu wangu amehesabu. Je, unakiri kwamba unalala?"

"Nalala, mheshimiwa, lakini usingizi wenyewe si wa..."

"Amekiri," Mkurugenzi alimwambia katibu, na katibu akaandika. "Hata hivyo Serikali hii ni sikivu. Haiwezi kukudhulumu dakika uliyokuwa macho. Tutapima. Tutakuletea mkaguzi, atahesabu kila dakika unayoamka, na kila dakika italipwa kwa mujibu wa bango."

Mwajabu akashuka ngazi za ghorofa tisa akiwa na furaha. Alimnunulia Shomvi nusu kilo ya nyama njiani.

*

Mkaguzi aliyeletwa aliitwa Bi. Leokadia Semgogo. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa miaka hamsini na tano, aliyefanya kazi Serikalini miaka thelathini bila kupandishwa cheo, kwa sababu alikuwa na tabia ya kufanya alichoandikiwa. Wakubwa wake walimwogopa. Ukimpa waraka, alikuwa anausoma.

Alikuja na saa ya kupimia mbio, kalamu nne, na rundo la Fomu Namba Saba ya Kuamka. Kila Mwajabu alipoamka, fomu ilitaka muda wa kuamka, sababu ya kuamka, jina na cheo cha aliyemwamsha, na saini mbili.

"Nisaini kabla ya kwenda au baada ya kurudi?" Mwajabu akauliza.

Bi. Leokadia akasoma maelekezo. "Kabla."

"Na kama mzee ameanguka?"

Bi. Leokadia akasoma tena, mbele na nyuma. "Hawakuandika. Basi saini baada."

Usiku wa kwanza Mzee Bakameru aliamsha watu mara mbili. Mzee huyu alikuwa mkuu wa stesheni ya reli kwa miaka thelathini na mitano, na usingizini bado alikuwa anapokea treni. "Imefika?" alipiga kelele saa sita usiku. Mwajabu akaenda, akamwekea mto vizuri, akamwambia imefika na imeondoka, abiria wote salama. Dakika sita. Bibi mmoja alitaka maji. Dakika nne. Mwingine alitaka kujua kama bado ni usiku. Dakika tatu, maana hakuamini jibu la kwanza.

Usiku wa pili ulikuwa hivyohivyo. Usiku wa tatu, mnamo saa tisa, Bi. Leokadia alikuwa ameketi kwenye stuli yake, saa mkononi, akisikiliza wazee kumi na wawili wakilala. Kengele haikulia wala hakuna aliyeita. Ghafla Mwajabu akaruka kutoka kwenye godoro kama mtu aliyechomwa, akapita vitanda vitatu gizani bila kugusa hata kimoja, akamwinua Mzee Bakameru, akamgeuza, akampiga mgongoni kwa kiganja. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Mzee alikuwa amebadilika rangi. Mara ya nne kitu kikaachia kooni, akavuta pumzi kwa sauti ya kutisha, kisha akaanza kulia kimyakimya kama mtoto. Mwajabu akakaa naye kitandani, kichwa chake begani, akimwimbia kitu kisicho na maneno, mpaka alipotulia.

Bi. Leokadia alibonyeza saa baadaye. Kuchelewa kubonyeza hakukuwahi kumtokea kazini.

"Nani alikuamsha?" Bi. Leokadia akamwuliza Mwajabu aliporudi.

"Hakuna."

"Fomu inataka jina."

"Hakuna aliyeniamsha, dada. Aliacha kukoroma."

Bi. Leokadia akaishika kalamu. Kisha, kwa mwandiko wake mzuri, kwenye nafasi ya aliyemwamsha, akaandika: *Kimya.* Na kwenye nafasi ya cheo akaweka mstari.

*

Jibu la Wizara lilikuja baada ya wiki mbili, likiwa na mihuri mitatu.

Ilibainika kwamba kwa siku tatu Mwajabu alikuwa macho jumla ya dakika tisini na nne. Dakika ishirini na mbili za Mzee Bakameru za usiku wa tatu zilikataliwa, kwa maelezo kwamba Kimya si mtumishi wa Serikali na hana mamlaka ya kumwamsha mtumishi mwingine. Zilizobaki, dakika sabini na mbili, zilikuwa na thamani ya dinga ishirini na nne. Kwa kuwa kwa siku hizo tatu Mwajabu alishalipwa dinga mia moja na tano, alikuwa amelipwa dinga themanini na moja zaidi ya haki yake. Idara ilikuwa imechukua wastani wake, dinga ishirini na saba kwa usiku, na kuuzidisha kwa miaka kumi na moja. Mwajabu Kitundu alitakiwa kuirudishia Serikali dinga laki moja na elfu nane, ndani ya siku sitini. Barua ilimaliza kwa kumshukuru kwa kuliibua suala hili.

Shomvi aliisoma barua mara mbili, akaiweka chini ya birika.

"Tukiuza baiskeli zote na mimi mwenyewe," alisema, "hazifiki."

"Nilikosea kuuliza," Mwajabu akasema.

"Hukukosea. Ila wa kuulizwa hakuwa yule." Akaitoa barua chini ya birika, akaikunja vizuri, akampa. "Nenda ukaulize tena. Safari hii mbele ya hakimu."

Baraza la Usuluhishi wa Kazi lilikutana katika ukumbi wenye feni sita, moja ikizunguka. Mwenyekiti alikuwa mzee wa heshima aliyependa hukumu zake ziwe na kauli moja nzito inayoweza kuchongwa kwenye jiwe. Bwana Mabruki aliwasilisha hesabu. Mwajabu aliposimama hakuwa na karatasi.

"Waheshimiwa," alisema, "mimi sijasoma. Nyumbani kwangu nikilala, nalala. Jirani akigonga, sisikii, mume wangu shahidi. Pale Makao nalala na viatu. Nalala nikiwahesabu. Panya akipita nijue ni panya, mzee akigeuka nijue ni mzee yupi. Kama huo ni usingizi, basi ni usingizi wa kwenu, si wa kwangu. Naulala kwa ajili yenu."

Ukumbini watu walinong'ona. Bi. Leokadia, aliyeitwa kama shahidi, aliulizwa kama mlalamikaji alikuwa amelala au hakuwa amelala.

"Alikuwa amelala," alisema. "Na mzee yule yuko hai. Naomba yote mawili yaandikwe."

"La pili si hoja," Mwenyekiti akasema, akafuta miwani yake, akatoa hukumu. Ilikuwa na kurasa kumi na tisa, na kauli nzito ilikuwa ukurasa wa nne: *Aliyelala hayuko kazini, awe nani, awe wapi, hata kama anadai ataamka akiitwa.*

Maneno "awe nani, awe wapi" hayakuhitajika. Mwenyekiti aliyaweka kwa sababu ya mahadhi.

Waziri wa Kazi na Mapumziko alifurahi mno. Jioni hiyohiyo aliitisha waandishi wa habari. "Ndugu zangu," alisema, "enzi za kulipwa kwa kulala zimekwisha katika nchi hii! Kuanzia kesho hakuna mtumishi yeyote wa umma, nasema yeyote, atakayelipwa kwa saa aliyolala!" Akatia saini waraka mbele ya kamera. Chini ya waraka, kwa kuwa lilikuwa jina pekee la mkaguzi wa usingizi aliyefahamika nchini, waliandika: *Utekelezaji: Bi. L. Semgogo.*

Mwajabu alirudi Makao usiku ule na kulala kama kawaida. Alikuwa na siku thelathini na nane za kutafuta dinga laki moja na elfu nane.

*

Bi. Leokadia aliusoma waraka mara tatu, akitafuta mahali palipoandikwa "isipokuwa". Hapakuwepo. Akachukua orodha ya taasisi za umma, iliyopangwa kwa alfabeti. Kwenye A hapakuwa na kitu. Kwenye B kulikuwa na Bandari, Benki Kuu na Bunge. Bandari walikuwa wamefunga kwa ajili ya sikukuu. Benki Kuu hawakumfungulia mlango. Bunge lilikuwa wazi.

Aliketi kwenye jukwaa la wageni siku tano, na saa yake na kalamu zake nne. Ilikuwa wiki ya bajeti. Kati ya wabunge mia mbili na sitini, mia mbili na kumi na wawili walilala, wengine kidogo, wengine kwa kujitolea kabisa. Mbunge mmoja alilala akiwa katikati ya swali lake mwenyewe, na Waziri akalijibu. Ijumaa jioni Bi. Leokadia aliwasilisha fomu zake kwa mhasibu wa Bunge, na mhasibu, aliyeona saini ya Waziri, alikata posho zao.

Jumatatu Mheshimiwa Ponsian Lukwaro, mbunge wa siku nyingi, mwenye tumbo na sauti, alipokea posho ya vikao vya wiki nzima: dinga mia nne badala ya elfu tano. Alimkuta Bi. Leokadia kwenye korido, akinoa penseli kwa wembe.

"Wewe mama! Nani amekwambia nilikuwa nimelala?"

"Ulikuwa unakoroma, Mheshimiwa. Jumatano, saa nne na robo."

"Nilikuwa natafakari! Macho yalifumba, masikio yalikuwa wazi. Spika angeniita hata kwa kunong'ona, ningesimama palepale!"

"Hoja hiyo ilitolewa na mlezi mmoja wa wazee," Bi. Leokadia akasema. "Baraza liliikataa. Ukurasa wa nne."

"Mimi niliacha nyumba yangu! Nililazimika kuwa pale! Ningeondoka, wangesema nimetoroka kikao!"

"Na hiyo pia aliitoa."

Inawezekana kabisa kwamba wakati ule, kwa sekunde chache, Mheshimiwa Lukwaro aliona jambo. Lakini akaita gari lake.

Siku mbili baadaye Bunge lilikutana kwa dharura, na nadiriki kusema kwamba Utulia haijawahi kuona siku kama ile. Hakuna mbunge aliyelala. Walizungumza mmoja baada ya mwingine kuhusu mateso ya mtu anayelazimika kulala mbali na kitanda chake kwa ajili ya taifa. Mheshimiwa Lukwaro alitoa machozi. "Mheshimiwa Spika, kuna usingizi na usingizi! Kuna usingizi wa mvivu, na kuna usingizi wa wajibu! Nani kati yetu hajalala kwa wajibu?" Walipiga meza mpaka vikombe vikaanguka.

Kwa kuwa ilifaa kuwa na mtu wa kawaida mahali fulani, walimtuma dereva akamlete Mwajabu. Akakalishwa jukwaani kwenye siti ya mbele na kanga yake ya kazini, Shomvi pembeni yake akinuka grisi. Spika akamtambulisha kama Mama wa Usingizi wa Taifa. Wabunge wakasimama wote wakampigia makofi, na mtu akamletea maua. Mwajabu akalia. Alidhani hatimaye wamemsikia.

Saa nne asubuhi muswada ukapita bila kupingwa: *Mtu anayelala mahali pa kazi kwa matakwa ya mwajiri wake yuko kazini na atalipwa kila saa.* Kifungu cha pili kilisema madeni yote yaliyotokana na usingizi yamefutwa, maana wabunge nao walishaandikiwa barua za kurudisha posho za miaka iliyopita.

"Laki moja na elfu nane," Shomvi akanong'ona. "Zimekwenda."

"Na mia mbili kwa usiku," Mwajabu akasema. Akahesabu, kimoyomoyo, miezi mingapi ya kodi.

Saa nane mchana Waziri wa Fedha akaingia akihema, karatasi mkononi. Akamnong'oneza Spika. Spika akabadilika rangi. Ilibainika kwamba nchini kulikuwa na walezi wa usiku elfu tatu, walinzi elfu kumi na mbili, wauguzi, madereva wa magari ya wagonjwa, na watu wengine wengi sana ambao Serikali ilikuwa inawalaza kwa bei poa bila kujua idadi yao.

Wabunge wakakuna vichwa. Ndipo Mheshimiwa Lukwaro akasimama tena, akipangusa machozi yale ya asubuhi.

"Mheshimiwa Spika, tusichanganye mambo. Sisi tunalala tumeketi. Wale wanalala wamelala."

Dakika saba baadaye maneno mawili yaliongezwa kwenye sheria. Sasa ilisema: *Mtu anayelala mahali pa kazi, akiwa ameketi, kwa matakwa ya mwajiri wake yuko kazini na atalipwa kila saa.* Rais akatia saini kabla ya chai.

Mwajabu akainuka, maua mkononi. "Waheshimiwa!" Sauti yake ilikuwa ndogo katika ukumbi ule. "Waheshimiwa, na sisi je?"

"Mgeni wa jukwaani haruhusiwi kusema," Spika akasema.

Askari wa Bunge akamshika bega, si kwa ukali. "Keti, mama. Tafadhali keti."

Mwajabu akaketi. Akainamia karatasi ya sheria waliyogawiwa wageni. Shomvi alidhani anaumwa. Kisha akageuka nyuma, mahali Bi. Leokadia alipokuwa, saa mkononi kama kawaida.

"Dada Leokadia. Wamesema ameketi Bungeni?"

Bi. Leokadia akasoma. "Wamesema mahali pa kazi."

"Wamesema ameketi juu ya nini?"

Akasoma tena, mbele na nyuma, maneno ya pembeni na maelezo ya chini. Usoni pake kukatokea kitu ambacho watu waliomjua miaka thelathini hawakuwahi kukiona.

"Hawakuandika," alisema.

*

Usiku ule Mwajabu alivuta kiti cha plastiki kutoka jikoni, akakiweka pale godoro lilipokuwa, akawafunika wazee, akazima taa, akaketi, akalala. Saa nne Bi. Leokadia akapita, akammulika kwa tochi, akaandika: *Ameketi. Amelala. Yuko kazini.* Mwisho wa juma Bwana Nyemba alilazimika kulipa dinga mia mbili kwa kila usiku, na alizihesabu polepole kama mtu anayeng'olewa kucha.

Habari zikaenea. Katika mwezi mmoja, nchi nzima, walezi na walinzi wakawa wanalala wameketi, kwenye ndoo, kwenye ngazi, kwenye matofali.

Serikali ikapata huruma ya ghafla. Waziri alizindua kampeni iliyoitwa Godoro Nene kwa Kila Mlezi. Yale magodoro ya zamani, membamba kama chapati, yakaondolewa. Makao yakaletewa kitanda kipya chenye godoro la futi moja, shuka nyeupe na mito miwili. Bwana Nyemba akakitandika kwa mikono yake mwenyewe.

"Dada Mwajabu," alisema kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto, "mgongo wako. Nakuonea huruma. Lala tu hata nusu saa."

"Nashukuru sana, bwana," Mwajabu akasema. "Bibi Mwantumu analalamika nyonga. Tumpe yeye."

Bibi Mwantumu akapewa, na akasema tangu aolewe hajalala vizuri namna ile.

Sitawadanganya kwamba mambo yalikuwa mazuri tangu hapo. Mgongo wa Mwajabu uliuma kweli. Asubuhi Shomvi alimkanda kwa maji ya moto, akisema maneno kuhusu Bunge ambayo siwezi kuyaandika hapa. Lakini kodi ililipwa. Vitumbua aliviacha, na mchana akawa analala kwenye kitanda chake, chali, miguu imetanuka, bila kuwajibika kwa mtu. Jirani akigonga, hasikii.

Bi. Leokadia alihamishiwa idara ya takwimu za samaki, ambako nasikia ameanza kuhesabu samaki. Usiku wake wa mwisho kama mkaguzi alikuja Makao bila fomu, akaleta mto mdogo wa kuegemeza shingo alioushona mwenyewe, akaufunga nyuma ya kiti cha plastiki kwa kamba, akaaga.

Usiku huohuo, mnamo saa tisa, Mzee Bakameru alifumbua macho. Hakuita treni. Alitazama ukumbini, akamwona mlezi wake ameketi kwenye kiti, kichwa kimeangukia begani, mdomo wazi kidogo, viatu miguuni. Mzee akamhurumia, hakutaka kumsumbua. Akajaribu kufikia kikombe cha maji mwenyewe, polepole, bila kupiga kelele. Kabla vidole havijakigusa, kikombe kilikuwa mkononi mwa Mwajabu, na mkono wake mwingine nyuma ya kichwa cha mzee.

"Samahani, mwanangu," mzee akasema. "Ulikuwa umelala?"

"Nilikuwa nimelala, babu," Mwajabu akasema. "Niko kazini. Kunywa."